Ulimi wa Inez na Vichaka vya Barabara Kuu

Inez Tollefsrud alikuwa na ulimi ambao hata mchungaji aliuogopa. Aliwapikia watoto wa shule ya Nybakken miaka na miaka, na katika muda wote huo hakutokea mwalimu aliyethubutu kubakiza chakula kwenye sahani mbele yake. Hakuwa mtu wa kufoka. Neno lake alilisema polepole, kwa sauti ya chini, huku anafuta meza, nawe ulifika nyumbani ukiwa bado unajikuna pale lilipokuchoma.

Katika mji wote ule mdogo wa Dakota Kaskazini, aliyeonja ulimi huo zaidi ni mumewe, Gaylord. Na tuseme ukweli, Gaylord aliutafuta mwenyewe. Alifanya kazi ya kuuza vipuri vya matrekta, kutwa yumo kwenye nati na mafuta machafu, basi akirudi nyumbani alitaka vitu vya kupendeza. Si vibaya mtu kupenda vitu vya kupendeza. Ubaya ni kwamba Gaylord alipenda vile tu ambavyo haviwezi kuishi Nybakken. Aliwahi kununua tausi, katika nchi ambayo masikio ya ndama hukatika kwa baridi. Tausi walifika Agosti, wakajishaua uani na mikia yao, na Krismasi ilipokaribia wakaganda juu ya uzio. Mwaka mwingine alijenga chemchemi ya kurusha maji sebuleni, akisema itamkumbusha Italia. Italia yenyewe hajawahi kufika. Usiku mmoja wa Januari tanuru la nyumba lilizimika, bomba likapasuka, na asubuhi wakaamka sebule ni barafu ya kutelezea.

Inez hakulia kwa hayo. Aliyapeleka kanisani. Kila Jumapili baada ya ibada wanawake wa Kilutheri walishuka chini kwenye chumba cha kahawa, wakala vitobosha vya rubabu, ule mmea mchachu wa bustanini, na kusengenya kwa heshima. Huko ndiko Inez alikomwanika mumewe. LaVonne Skaar, mke wa mwenye duka la dawa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kudai.

"Inez, hebu tupe ya tausi."

"Nimeshawapa."

"Tupe tena, mwenzangu. Ile ya uzioni."

Naye Inez alikoroga kahawa yake, akawaacha wasubiri kidogo, kisha akasema, "Waliganda wamesimama, wameukazia macho mlango wa jikoni, kama wageni waliokuja kula na hawakukaribishwa." Wanawake walicheka mpaka wakajifuta macho. Inez hakucheka. Alikunywa kahawa. Lakini moyoni aliona raha, maana katika mji ule si vitu vingi alivyosifiwa, na kuchekesha kilikuwa kimojawapo.

Sasa, Barabara Kuu ya Nybakken zamani ilikuwa na paa. Elmi, miti mikubwa ya kivuli iliyopandwa na mababu waliotoka Norwe, zilikuwa zimekutana juu, upande huu na upande ule, na wakati wa kiangazi ulitembea kutoka posta hadi benki bila kuona jua. Kisha ukaja ule ugonjwa unaosambazwa na mdudu wa magome. Majani ya kileleni yalinyauka katikati ya Julai, kana kwamba mti umemwagiwa maji ya moto, na mwaka uliofuata ukawa kuni. Halmashauri ikazikata zote. Barabara ikabaki kama kuku aliyenyonyolewa, na upepo wa Kanada ukapita katikati ya mji bila wa kuuzuia.

Mji ulipokaribia kutimiza miaka mia, meya Durward Kvamme alisema ni aibu kuwaletea wageni barabara yenye upara. Durward alikuwa meya kwa sababu siku ya kuchagua yeye hakuwepo ukumbini kukataa. Aliuliza nani atajitolea kuchagua miti na vichaka vya kupanda. Watu walitazama viatu vyao. Gaylord, ambaye alikuwa amestaafu na amechoka kukaa, akanyoosha mkono.

Inez alipigiwa simu na LaVonne kabla mumewe hajafika nyumbani.

"Umenyoosha mkono," alimwambia alipoingia, hata kofia hajavua.

"Nani kakuambia?"

"Unajua nini kuhusu miti, Gaylord?"

"Nimeishi chini ya miti maisha yangu yote."

"Hata ng'ombe wameishi chini ya miti."

Gaylord alivua viatu, akaviweka mlangoni sawasawa, akajikuta hana la kujibu. Alikuwa hodari wa kujikuta hana la kujibu. Kesho yake alimwomba Inez waende wote kwa Ardell Zacher.

Ardell alikuwa na kitalu cha miti mashariki ya mji. Alikuwa Mjerumani wa wale ambao babu zao walipitia Urusi, mtu mnene mwenye sauti kama lango lisilotiwa mafuta, na sijui kama kuna mteja aliyewahi kuondoka kwake akijisikia vizuri. Aliwapitisha kwenye mistari ya vichaka vyembamba, vyenye rangi ya udongo.

"Hii ni viburnamu. Sisi tunaiita beri za kondoo," alisema. "Inavumilia baridi, inavumilia upepo, inavumilia mbwa."

"Maua yake yananukia?" Gaylord aliuliza.

"Yananukia kama chumba ambacho hakijafunguliwa dirisha."

"Na hii?"

"Hiyo nayo ni viburnamu. Kranberi ya kichaka. Beri nyekundu mpaka theluji inapoanguka. Usiiulize harufu."

Gaylord alitazama pembeni kama mtu aliyeonyeshwa mchumba asiyempenda. Ardell akawaonyesha elmi, machotara wa mbegu ya Japani na ya Siberia, ambao ugonjwa ule hauwaui. Ilikuwa fimbo tu yenye majani machache juu.

"Mbona imepinda?" Gaylord aliuliza.

"Hata wewe umepinda. Ikishafika umri wako itakuwa imenyooka kukushinda."

Garini Gaylord alinuna mpaka wakavuka reli. "Yule hana jicho," akasema. "Ana mikono, lakini jicho hana."

Inez hakumtetea Ardell. Alimwona ni mshamba mwenye kiburi, na ndivyo alivyokuwa.

Wiki ile ile posta ikaleta kitabu cha picha kutoka kwa wauza miti wa mbali huko kusini-mashariki, kule ambako watu huvaa kaptura mwezi wa Machi. Gaylord alikifungua mezani jikoni, akasahau supu. Mlikuwa na viburnamu ya Korea, mabonge ya maua meupe yenye wekundu kwa mbali, na chini yake imeandikwa kuwa harufu yake ni ya karafuu. Mlikuwa na elmi ya Kichina, ambayo magome yake hubanduka yakaacha madoa ya rangi ya chungwa, kijivu na kijani, kama ukuta wa nyumba ya kale.

"Tazama gome hilo, Inez. Hata majani yakipukutika, bado una kitu cha kutazama."

Inez alivaa miwani, akasoma maandishi madogo chini ya picha. Nchi nzima imegawanywa kwa kanda za baridi, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo baridi inavyoua.

"Imeandikwa kanda ya tano," alisema. "Zote mbili. Sisi tuko ya tatu."

"Hizo namba wanaziweka kujikinga tu. Kama tarehe kwenye maziwa."

"Na maziwa yaliyopita tarehe ulikunywa mwaka juzi, tukakupeleka hospitali."

"Yale yalikuwa maziwa ya siagi, huwa machachu hata yakiwa mapya," Gaylord alisema kwa heshima zote.

Kwenye mkutano wa halmashauri Gaylord alitundika picha zake ukutani kwa pini. Mtu huyu ambaye nyumbani alikosa majibu, pale alisimama kama mhubiri. Akawaambia wafikirie harufu ya karafuu kutoka posta hadi benki. Akawaambia wageni watapiga picha magome. LaVonne aliweka mkono kifuani. Durward, aliyekuwa na njaa na alitaka kwenda nyumbani, aliuliza swali moja tu.

"Vitaishi?"

"Durward, lini mara ya mwisho tumepata baridi ya kweli? Zama zimebadilika."

Mikono ikanyooka ukumbi mzima. Mikono ya wakulima, watu ambao kila mwaka hupima udongo kabla ya kutia mbegu moja ya ngano, ikanyooka kwa ajili ya picha. Inez alikuwa amekaa nyuma anafuma soksi. Hakunyoosha mkono, lakini hakusema neno pia. Angeweza kusema kanda ya tano, maneno matatu tu, na yangetosha. Alifuma. Alijiambia kwamba mwache aanguke, asikie mwenyewe. Na pembeni ya wazo hilo lilikuwepo jingine ambalo hakulitazama sana: kwamba hii itakuwa hadithi nzuri kuliko ya tausi.

Vichaka vikaja na lori, vikapandwa majira ya kuchipua. Na kiangazi kile, siwezi kusema uongo, Barabara Kuu ilipendeza. Viburnamu zilichanua, elmi zikatoa majani madogo yanayometa, na kweli mbele ya benki palinukia karafuu. Gaylord alinunua kofia pana ya majani makavu, akawa anapita na mpira wa maji asubuhi na jioni. Watu walimwita Bwana Miti. Alijibu kwa kugusa ukingo wa kofia, kama mtu aliyezaliwa na cheo. Nyumbani Inez alimwambia avue kofia mezani. Hakuwa na lingine la kumwambia, na hilo lilimkera.

Kisha Januari ikaja. Ilikuwa baridi ya zamani, ile ya kupasua magurudumu, ambayo dizeli inakuwa uji ndani ya tangi na mtu akitema mate yanalia kabla hayajagusa theluji. Ilikaa hadi mwisho wa Februari haikuondoka. Gaylord alisimama dirishani na kikombe chake.

Mwezi wa Mei kila kitu kilichipua. Vichaka vya mililaki uani vilichanua, magugu ya kando ya reli yakachanua. Barabara Kuu ilisimama kama ufagio. Inez alienda mbele ya posta, akakwangua gome la kichaka kwa ukucha. Mmea ulio hai huwa kijani chini ya gome. Huu ulikuwa kahawia, mkavu kama mdalasini. Akakwangua elmi. Mdalasini.

"Vimechelewa kuamka," Gaylord alisema usiku kwenye chakula. "Vimetoka kusini. Watu wa kusini wanapenda kulala."

"Havijalala, Gaylord. Vimekufa."

"Vipe wiki mbili."

"Hata ukivipigia tarumbeta havitaamka."

Durward naye aliambiwa habari ya wiki mbili, akaikubali, kwa sababu kuikataa kungemlazimu kufanya kitu. Sherehe za miaka mia zilikuwa mwishoni mwa Juni. Na siku mbili kabla ya sherehe, Inez akiwa anafua, alitia mkono kwenye mfuko wa koti la mumewe akachomwa kidole. Alitoa waya mwembamba wa kijani, na kibandiko cha duka la mapambo la mjini Fargo.

Aliacha kufua, akatoka bila kuuliza. Barabara Kuu yote ilikuwa imechanua. Kila kichaka kilikuwa na mabonge meupe, kila elmi ilikuwa na majani. Kwa mbali mtu angemshukuru Mungu. Kwa karibu ilikuwa nguo na plastiki, imefungwa kwa waya kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kazi ya vipuri. Mbele ya duka la dawa LaVonne Skaar alikuwa ameinama, pua yake iko ndani ya ua.

"Ajabu," alisema LaVonne. "Mbona haya hayanukii?"

"Una mafua," Inez alimjibu akapita.

Njiani kurudi alijiuliza kwa nini amesema vile. Labda alimhurumia Gaylord. Labda alitaka hadithi iive zaidi. Alipofika nyumbani bado hakuwa na hakika, akaendelea kufua.

Siku ya sherehe upepo ulitoka magharibi. Hapa upepo si habari. Ingekuwa habari kama usingekuwepo. Gwaride lilianza kanisani, mbele bendi ya shule, nyuma yake Durward kwenye gari lisilo na paa, nyuma yake farasi na matrekta ya zamani. Bendi ilipofika benki, ua la kwanza likang'oka. Likapaa, likageuka mara mbili hewani, likatua kwenye mdomo wa tarumbeta kubwa, ile inayobebwa begani. Sauti ya tarumbeta ikawa kama ya ng'ombe mwenye kikohozi. Kisha yakang'oka yote. Mabonge meupe yaliteremka Barabara Kuu kama kundi la kuku waliotishwa, yakampiga Durward usoni, yakakwama kwenye hatamu za farasi. Mwanamke mmoja aliokota moja akaligeuza, akasoma kwa sauti kibandiko kilichobaki chini: "Osha kwa maji ya uvuguvugu."

Mji wote ulicheka. Wageni walicheka. Inez alikuwa kwenye meza ya kanisa anauza kahawa na lefse, zile chapati za viazi za Kinorwe, na ni kweli kwamba naye alicheka, mkono umeziba mdomo.

Gaylord alikuwa amesimama mbele ya duka la vifaa. Hakukimbia. Upepo ulikuwa umeshaichukua kofia yake. Aliinama akaanza kuokota maua, moja baada ya jingine, akiyatia kwapani, na gwaride likampita pembeni kama anavyopitwa mtu anayefagia. Yakimjaa kwapani mengine yanadondoka, anayarudia. Inez alitoa mkono mdomoni. Mteja alimwambia kahawa inamwagika.

Wiki iliyofuata ukumbi ulijaa kuliko siku ya kupiga kura. Hakuna kitu kinachojaza ukumbi kama mtu wa kuchekwa. Durward alisema tumefedheheka, halmashauri imepotoshwa, na wote waliokuwa wamenyoosha mikono wakatikisa vichwa kwa huzuni kubwa, kana kwamba mikono ile walikuwa wameazima. Gaylord alikaa kiti cha mbele amevaa suti yake ya mazishi.

LaVonne Skaar akasimama.

"Mimi nasema bora tungepanda tausi," alisema. "Wale angalau waliganda na rangi zao." Kicheko kikapita. Alingoja kidogo, kisha akaendelea, "Waliganda wamesimama, wameukazia macho mlango wa jikoni, kama wageni waliokuja kula na hawakukaribishwa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu nyuma akasema chemchemi iwekwe basi mbele ya benki, tupate pa kuteleza. Mwingine akauliza kama maziwa yake Gaylord bado anakunywa.

Inez aliacha kufuma. Lilikuwa neno lake, neno kwa neno, na hata kile kituo cha kungoja kilikuwa chake. Alimtazama Gaylord. Gaylord alikuwa amegeuka kwenye kiti, wala hamtazami LaVonne, anamtazama yeye. Na kilichomchoma Inez ni kwamba uso ule haukuwa na mshangao. Haukuwa hata na hasira. Alikuwa anajua siku zote hadithi zile zinakotoka.

Inez alisimama, soksi bado iko mkononi. Alisema kwa sauti yake ileile ya kufuta meza, na watu wakanyamaza ili wasikie.

"LaVonne, hayo maneno ni yangu. Mume ni wangu na maneno ni yangu. Wewe unaye wako, amevaa nywele za kubandika tangu tukiwa vijana, na mji mzima tunamwambia amependeza. Tafuta maneno yako huko."

LaVonne alikaa. Mwenye duka la dawa akajigusa kichwani bila kukusudia.

"Durward, ulinyoosha mkono, kwa sababu ulikuwa na haraka ya kwenda kula. Nyote mlinyoosha, kama watoto walioulizwa nani anataka aiskrimu. Namba ilikuwa imeandikwa chini ya picha. Mngeinuka mkasoma, ni hatua chache kutoka kwenye viti vyenu. Mimi niliisoma nikanyamaza, kwa hiyo sina la kujisifu. Lakini katika chumba hiki aliyeshika mpira wa maji kiangazi kizima ni mmoja, na aliyeokota takataka siku ya gwaride ni huyohuyo. Nyinyi mlikuwa mnanusa tu."

Durward alikohoa.

"Basi chagua wewe, Inez."

"Nitachagua. Na hakuna atakayepiga kura."

Garini wakirudi, walikuwa wameshafika kwenye maghala ya nafaka.

"Kwa hiyo ya tausi unawapa kila Jumapili," alisema Gaylord.

"Sio kila Jumapili."

Akaendesha kidogo. "LaVonne anaisimulia vibaya. Anaharakisha mwishoni."

"Anaharakisha," Inez alikubali. Akatazama nje upande wake mpaka nyumbani. Neno la kuomba radhi lilikuwa karibu, lakini hakuwa amelizoea, na Gaylord hakulingoja.

Agosti ilipoisha walirudi kwa Ardell Zacher. Alikuwa amekaa juu ya ndoo anakula soseji.

"Nilijua mtarudi," alisema.

"Kama ulijua, kwa nini hukusema vizuri mara ya kwanza?" Inez alimuuliza. "Ungekuwa na adabu kama ya mbwa tu, ungetuokolea mwaka mzima. Inuka, tuonyeshe."

Ardell aliinuka. Nadhani alifurahi, ni nadra mtu kumjibu. Inez alipita mistari yote, akavuta matawi, akakwangua magome. Alichagua beri za kondoo kwa upande wa posta ambako upepo unaingilia, na kranberi za kichaka kwa upande wa benki na duka la dawa. Ardell akamwonya asichukue vichaka vilivyokatwa vyote kwa mama mmoja, maana havitazaa beri. Achanganye vya mama huyu na vya mama yule. Akamwonya pia asipande elmi peke yake barabara nzima kama walivyofanya mababu, kwa sababu mizizi hushikana chini na ugonjwa hupita humo kama watu wanavyopitishiana mafua kanisani. Inez akachukua elmi chache, katikati yake akaweka mialoni na mitilia, miti mingine ya kivuli inayovumilia baridi.

"Hakuna hata kimoja kinachonukia vizuri?" Gaylord aliuliza kwa sauti ya kuomba.

"Hakuna," alisema Ardell.

"Chimba, Gaylord," alisema Inez.

Akachimba. Septemba nzima Gaylord alichimba Barabara Kuu, akang'oa mizoga ya Korea na China, akapanda vile vifimbo vilivyopinda, na kila aliyepita akitaka kufanya mzaha alimkuta Inez amekaa kando kwenye kiti cha kukunja anafuma. Mizaha ilipungua sana mwezi ule.

Si kwamba kila kitu kilistawi. Sungura walitafuna vichaka viwili chini ya theluji. Gari la kusukuma theluji lilivunja elmi moja mbele ya kinyozi, na dereva akasema alidhani ni alama ya barabarani. Lakini Mei ilipofika Inez alikwangua kila kichaka kwa ukucha wake na chini ya gome palikuwa kijani. Alimwita Gaylord aje atazame. Gaylord alitazama, akasema havina sura. "Havina," alisema Inez. "Vipo."

Jumapili kwenye chumba cha kahawa wanawake walijaribu. Walimuuliza Inez siku hizi Gaylord anapanga nini. Inez alisema, "Yupo nyumbani, simu anayo," akaongeza maziwa kwenye kikombe. Walidai mara mbili, mara tatu, wakaacha. Haikuwa na maana kwamba amekuwa mpole. Alimwambia mumewe usoni kila siku kuwa ni mjinga, mezani, na mlango umefungwa, na Gaylord alisema hapo anasikia vizuri zaidi. Alipotaka kufuga nyuki wa Italia walizozana kipupwe chote.

Mwaka wa tatu kranberi za kichaka zilizaa kweli. Beri nyekundu zilijaa mbele ya duka la dawa kama shanga. Kisha baridi ya kwanza ikazipiga zikalainika, na harufu ikaanza. Ni harufu ya soksi za mtu aliyevua mabuti baada ya wiki. LaVonne alivumilia kwa siku kadhaa, kisha akavuka barabara kumfuata Inez posta.

"Inez, vile vichaka vinanuka. Wateja wanadhani ni dukani."

"Ni beri. Zikigandishwa ndivyo zinavyonuka."

"Na mbele ya posta mbona hakuna harufu?"

"Pale ni aina nyingine."

LaVonne alimtazama. Ardell Zacher alikuwa amemwambia Inez wazi, siku ile ile ya kuchagua, kwamba hizo usiziweke karibu na mlango wa mtu unayempenda.

"Ulijua," alisema LaVonne.

Inez alibandika stempu kwenye bahasha yake, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika.

"Nilisoma maandishi madogo," alisema, akaenda zake.